Tulipoonekana Tumeshiba

Mpaka leo sijaelewa vizuri ni lini hasa tuliacha kuwa maskini. Ninachojua ni kwamba shule ya binti yangu ilipata habari hizo kabla yangu, na kwamba waliponieleza niliwashukuru.

Ilikuwa ule mwaka wa pili wa korona, majira ya baridi, Sydney nzima imefungiwa na sisi wa upande wa magharibi tumefungiwa zaidi. Tulikaa Seven Hills, kwenye ghorofa karibu na stesheni. Mimi nilihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu alipakia mizigo kwenye ghala moja kule Ingleburn, kazi ya kuitwa: simu ikilia anaenda, isipolia anakaa. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa darasa la nne. Watoto wengi walisomea nyumbani kwenye kompyuta, ila wale ambao wazazi wao walikuwa na kazi zisizofanyika nyumbani waliruhusiwa kwenda shule. Wazee hawaogeshwi kwa kompyuta, kwa hiyo binti yangu alikwenda.

Kisha simu ya mume wangu ikaanza kunyamaza. Ikanyamaza siku, ikanyamaza wiki. Kodi ya nyumba haikunyamaza. Mimi niliongezewa zamu kwa sababu wenzangu waliugua, na kwa sababu ya zamu hizo ile kadi ya serikali inayopunguza bei ya dawa, ambayo huku ndiyo ushahidi kwamba kipato chako ni kidogo, ikafutwa. Waliangalia wiki nilizofanya kazi sana, hawakuangalia zile ambazo mume wangu hakufanya kabisa. Nilipiga simu kuuliza, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaanza kuuimba, halafu nikaambiwa nisubiri. Nilikulia kambini Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, na kule mambo yalikuwa yanaudhi lakini yanaeleweka: ukitoka nje ya kambi kutafuta kibarua unakamatwa, ukikaa ndani unapewa unga. Huku nilifanya kazi mpaka miguu ikavimba, na kila nilivyozidi kufanya ndivyo nilivyozidi kuambiwa sistahili. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Shule za huku hazipikii watoto. Kila mtoto hubeba chakula chake cha mchana kutoka nyumbani, na mwenye pesa hununua kwenye duka la shule. Binti yangu alianza kubeba mkate usio na kitu ndani, na mwalimu wake akauona. Bila mimi kuomba, mwalimu akalipeleka jina la mtoto kwa naibu wa mkuu wa shule, mama mmoja Mzungu mpole, ambaye ndiye aliyegawa chakula kilichopikwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya familia zenye shida. Siku hiyo binti yangu alirudi nyumbani akinukia kuku. Sitasema uongo, nilifurahi kuliko nilivyoona aibu.

Alirudi pia na kibakuli. Kilikuwa cha plastiki, na mfuniko wake ulifunga vizuri kabisa.

"You just chuck it in the bin, Mama," akaniambia.

Nikamwuliza nani amemfundisha kutupa vyombo vya watu. Kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Mama yangu aliishi kwa mgao wa kambi, lakini jirani akituletea mboga kwenye sahani, sahani ile ilirudi na chochote, hata nyanya mbili, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa radhi tulale mapema bila kula kuliko kusikia kwamba nyumba yake hurudisha sahani tupu. Sasa mimi niliyepelekewa wali na kuku na watu wasionijua, niwarudishie plastiki tupu? Au nisirudishe kabisa, kama mwizi?

Nikatoa unga. Ulikuwa unga wa wiki nzima, na wa kuongezea haukuwepo. Duka letu la bei nafuu lilikuwa Bankstown, na siku hizo hatukuruhusiwa kufika huko. Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama nikikanda.

"Huo si ndio unga wa chapati zetu?"

"Unataka waseme hatukulelewa?"

Akaniachia jiko, maana mama yake naye alikuwa vilevile. Nikachoma maandazi yenye iliki, nikakijaza kibakuli, nikampa binti yangu akipeleke kwa yule naibu. Alirudi na habari kwamba waliyapenda sana. Wiki iliyofuata nikajaza tena, na iliyofuata tena. Kama waliyala au waliyatupa kwa kuogopa korona, sijui, na sijawahi kuuliza. Mimi niliona tumeshakuwa majirani.

Ndipo yule naibu akanipigia simu.

"Mnaendeleaje nyumbani?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Vizuri sana, tunamshukuru Mungu."

Sasa mtu akikujulia hali utamjibuje? Kwetu hata mwenye msiba huanza na nzuri. Shida ina zamu yake, inakuja baada ya salamu, na huja na "ila": nzuri, ila baba hana kazi, nzuri, ila unga umeisha. "Ila" yangu ilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mama alipokea ile nzuri yangu akaenda nayo moja kwa moja. Akayasifu maandazi. Akasema inatia moyo kuona familia ambayo baba na mama wote wana kazi, inayojimudu kiasi cha kuwapikia wengine. Akasema zipo familia ambazo hazina hata mmoja mwenye kazi, chakula hakiwatoshi wote, na ana hakika mimi nitaelewa. Nikasema naelewa. Nikasema asante sana, Mungu akubariki. Nilipokata simu nilimwambia mume wangu kwamba pale shuleni tunapendwa.

Kesho yake sikumfungia mtoto kitu, kwa kuwa chakula kipo shuleni. Alirudi mchana, akatupa begi, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya maharage ya jana, akala yakiwa baridi, amesimama.

"Hukula shuleni?"

"My name wasn't there."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

Akaendelea kula.

Nikakaa chini nikaanza kuyarudia maneno ya ile simu, moja baada ya jingine, na sikuona kichwa wala miguu. Tumeondolewa kwa sababu nina kazi, au kwa sababu ya maandazi? Au ni kwa sababu nilisema vizuri sana? Kama ni kazi, mbona mwanzo walitupa? Kama ni maandazi, walitaka nirudishe kibakuli na nini? Mume wangu akasema, "Mimi si nilikuuliza kuhusu ule unga?" Nikamgombeza kweli kweli, si kwa kuwa alikosea, bali kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kazini nilikuwa na rafiki, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Tulikuwa tukikusanya sinia za chakula za wazee, zile ambazo nusu ya viazi na nyama hubaki na zote humwagwa kwenye pipa, kwa sababu mfanyakazi haruhusiwi kuonja. Nikamsimulia huku tukimwaga. Alicheka mpaka akalazimika kuivuta barakoa apate hewa.

"Weye mama, ulibapelekea beignets?"

"Maandazi."

"Beignets, maandazi, ni kitu moja. Sasa batakuona na njaa namna gani, na weye njo unabapikia? Huku kama unaomba help, usibebe kitu. Enda pale, lia. They have to see it."

"Siwezi kulia mbele ya watu."

"Bon. Kunywa basi ile heshima yako na chai."

Nilicheka, ingawa ilinichoma. Mficha uchi hazai: msemo huo nimewaambia wengi, na kwa sauti ya mtu anayejua. Kujiambia mwenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Nikaomba ruhusa ya kutoka mapema, nikaenda shuleni nikiwa bado na sare ya kazi. Wazazi tulikuwa tunaishia getini. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya Kiingereza, na nilikuwa nimeapa kwamba leo naanza na shida, salamu baadaye. Naibu akaja na barakoa yake, macho yakitabasamu, akiwa ameongozana na binti yangu. Nikamsalimu. Akaniuliza habari. Nikasema nzuri. Nilitamani kujing'ata ulimi.

Lakini safari hii nilisema "ila" kabla hajaondoka. Nikamwambia kuna tatizo la chakula cha mtoto. Alishtuka kidogo, akainama, akamwuliza binti yangu mwenyewe, kwa upole, kama leo amekula na kama ana njaa, maana ndani bado pana kibakuli kimoja.

Binti yangu akasimama wima. "No thank you, Miss. I'm full."

Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu hajui kufunga kamba za viatu. Ukikaribishwa chakula kwa watu, hata kama tumbo linanguruma, unasema nimeshiba. Wakikukaribisha mara ya pili, unasema nimeshiba. Mwenye nyumba atakulazimisha mara ya tatu, na hapo ndipo unanawa mikono. Sikuwa nimemwambia kwamba huku hakuna mara ya tatu. Yule mama aliinuka akanitazama, na macho yake yalisema, unaona? Nilijivunia mwanangu mpaka kifua kikajaa, na papo hapo nilitaka kumfinya. Mtu anawezaje kuwa na mambo hayo mawili katika moyo mmoja, sijui.

"Miss, si kweli," nikasema kwa Kiingereza changu cha kazini. "Ana njaa. Na mimi nina njaa. Nafanya kazi, na nina njaa."

Sikulia. Yule mama akasema, "Hukuniambia." Ni kweli sikumwambia, lakini mimi nilidhani nilikuwa katikati ya kumwambia. Nikamwuliza, basi utaratibu ni upi, ni nani anastahili? Akasema hakuna sheria iliyoandikwa. Wapishi waliiachia shule ichague, na yeye alijitahidi kuchagua vizuri. Alionekana amechanganyikiwa kama mimi, na hilo halikunifariji hata kidogo. Akaahidi ataona la kufanya.

Tulirudi nyumbani binti yangu akiwa mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Karibu na stesheni akasimama akageuka, macho mekundu.

"Why did you tell her? You said we never tell."

Alikuwa anasema kweli. Nikamwambia tuvuke barabara.

Jumatatu jina lake lilikuwepo tena. Hakuna aliyenieleza kama tumekuwa maskini upya au kama wapishi wameongeza sufuria, nami sikuuliza, nikiogopa kwamba swali lenyewe lingehesabiwa dhidi yetu. Binti yangu alikaa siku kadhaa bila kuniambia neno lisilo la lazima.

Kisha nikarudi kutoka zamu ya mchana nikamkuta ananisubiri jikoni. Mbele yake mezani palikuwa na kibakuli, na ndani yake wali na kipande cha kuku, nusu kamili ya chakula chake cha shuleni, imekatwa kwa kijiko na kusogezwa upande mmoja, safi, haijaguswa.

"It's yours," akasema. "You told Miss you were hungry too."

Sikujua nimshukuru, nimkemee kwa kujinyima, au nitoke nje nikalie mahali asiponiona. Maneno yote ya adabu niliyokuwa nayo, kila moja lingekuwa uongo, na huyu mtoto alikuwa amekwisha kunisikia nikisema ukweli. Nikavuta kiti nikakaa na sare yangu ya kazi. Wali ulikuwa umepoa. Nilikula wote, naye akasimama kando ya meza akinitazama mpaka nilipomaliza.