Nilienda kufanya utafiti wa chuo Lubumbashi, mama mmoja akanipokea kama mume wake aliyepotea

Wakuu, salaam nyingi kutoka kwa mzee mwenzenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza simu ina nini. Leo acha na mimi nitoe langu. Limenikuta mwenyewe, na kwa umri huu sina haja ya kuwatungia uongo ili mnigongee like.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Kiswahili hiki cha Bongo nimejifunzia Tunduma kwenye biashara, kwa hiyo walimu wa sarufi mtanivumilia.

Miaka ya sabini, enzi za Zaire, nilikuwa chuo kikuu nasoma sosholojia na sera za jamii. Mtaani hakuna aliyeelewa ni kitu gani. Wa udaktari walisalimiwa kwa heshima, wa uhandisi walikuwa na uhakika wa kazi kwenye shaba. Mimi baba mdogo aliniuliza mbele za watu, "Sasa weye utakuwa munganga ya nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Kipindi hicho serikali ya chama kimoja ilikuwa imeamuru tuache majina ya kizungu. Mimi nilibatizwa Joseph. Joseph akafutwa, nikaambiwa nilete jina la mababu, na badala ya bwana tukaitana citoyen, yaani mwananchi.

Nikamwendea mama, tulikuwa tunakaa mtaa wa Katuba. Nilimkuta anachambua maharage. Hakufikiri hata kidogo.

"Kalaba."

Nikamuuliza Kalaba ndiye nani. Akasema ni ndugu ya mama yake wa Kasenga, na akaendelea na maharage yake. Nikaenda kujiandikisha, jina likakaa.

Mwaka uliofuata tukapelekwa field. Kazi ilikuwa kujua familia za kambi ya wafanyakazi wa shaba zinaishije: wako wangapi, wanakula nini, wakiugua wanafanyaje. Aliyetusimamia alikuwa assistant wa profesa, kijana wa Kasai mwenye miwani minene, mtu makini sana.

Kanuni zake zilikuwa mbili. Mtafiti hachagui nyumba, nyumba inapatikana kwa bahati nasibu. Na mtafiti haingilii maisha ya watu. Anauliza, anaandika, anaondoka.

Siku hiyo nyumba iliyoniangukia ilikuwa imefungwa, wenyewe wameenda kwenye kilio cha jirani. Kanuni ikasema ukikuta imefungwa, chukua inayofuata. Kwa hiyo nyumba niliyoingia haikuwa hata yangu. Hapo pashikeni.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Aliyenifungulia alikuwa dada wa miaka kama thelathini, nitamwita Mama Chola, ana mtoto mchanga kiunoni. Mumewe alikuwa zamu kwenye tanuri la kuyeyushia. Alinitazama kwa wasiwasi, na simlaumu. Watu wa kambi hawapendi mgeni anayeuliza mnalala wangapi.

Akanipa kiti, akamweka mtoto sakafuni, nikaanza kuuliza. Yeye, mume, mtoto wao wa kwanza waliyempata baada ya kusubiri miaka mingi, na mama yake mzazi.

"Mama iko wapi?"

Akaonyesha kwa midomo jiko la nje, nyuma ya nyumba.

Tukaja kwenye chakula. Unga, mafuta, samaki, makaa, chumvi. Kwenye chumvi akasita.

"Chumvi, paka miye njo naweka. Mama hawekake."

Yaani chumvi ni yeye tu anayetia, mama yake hatii. Nikauliza kama mama anaumwa.  Badala ya kujibu akaniuliza, "Jina yako njo nani, citoyen?"

"Kalaba."

Akanyanyuka, akatokea mlango wa nyuma. Nikasikia wanaongea chini chini. Kisha sauti ya mama mtu mzima ikaja wazi kabisa:

"Tosha kile kiti. Kalaba hapendaka kiti."

Yaani akiondoe kile kiti, Kalaba hapendi kiti. Wakuu, mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Kile kiti nilikisogeza pembeni tangu mwanzo na kukaa chini, kwa nini sijui mpaka leo. Na kutoka jiko lile mtu hawezi kuona mlango wa mbele. Baadaye nilienda kusimama pale nikahakikisha.

Nywele zilinisimama, na jua lote lile.

Akatoka. Nitamwita Mama Bwalya. Mwanamke mrefu, bado ana nguvu, lakini mikono yote miwili ameizungushia kitenge kama mtu aliyeungua. Akasimama mbali na binti yake na mtoto. Akaanza kuniuliza yeye.

Mama yako nani? Mama ya mama yako nani? Kasenga upande gani, juu ya mto ao chini? Nikajibu kila moja kama mtoto wa shule. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila siku ile muulizaji hakuwa mimi. Alipomaliza akatikisa kichwa polepole.

"Unakawia sana, Kalaba."

Alisema kama mke anavyomwambia mume aliyechelewa chakula. Hakuna aliyecheka.

Mama Chola akanisindikiza mpaka barabarani, na huko ndiko alikonieleza. Baba yake, Kalaba, aliondoka kwa lori kuelekea Mitwaba, kaskazini, kutafuta mahindi, wakati wa zile vurugu baada ya uhuru. Hakurudi yeye, wala lori, wala habari. Bila maiti ndugu zake hawakufanya kilio.

Kwa desturi yao, mume akifa, ukoo wake unamtoa mtu wa kurithi jina, na huyo ndiye anayemwachilia mjane. Asipoachiliwa, kifo kinabaki juu yake. Hatii chumvi kwenye chungu cha watu. Na hagusi mtoto mchanga, maana wanaamini mtoto atapata kikohozi na kukonda mpaka aishe.

Dodoso langu lilikuwa na nafasi ya mke na nafasi ya mjane. Mama Bwalya hakuwa kwenye hata moja.

"Bwana yangu haiko mubaya," Mama Chola aliniambia. "Lakini anaogopa. Anasema mutoto akianza kutambaa, mama arudie Kasenga. Juu mutoto mwenye kutambaa utamukataza namna gani? Na kule Kasenga mama hana tena muntu."

Mtoto mwenyewe tayari alikuwa anajisukuma kwa tumbo. Nilikuwa nimemwona sakafuni.

Kisha akasema, "Fanya mbio, baba."

Baba! Dada mkubwa kwangu kwa karibu miaka kumi. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nilifika Katuba nikiwa mkali. Nikamwambia mama kila kitu. Akaacha kazi aliyokuwa anafanya, akakaa.

"Miye sikukutuma kule," akasema. "Chuo njo ilikutuma."

Ndipo akanieleza kwamba bibi yangu, kabla hajafa, alimwomba jina la kaka yake lisipotee. Lakini vijana wote wa ukoo walilikimbia, kwa kuwa ni jina la mtu ambaye kilio chake hakijafanywa.

"Na mimi hukunionea huruma?"

"Weye uko na masomo. Nilisema utakuwa na nguvu."

Mnaona wazazi wetu? Ada hakuna, lakini mizigo ya ukoo ipo.

Kesho yake nikamwendea assistant. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta. Akasema kwa Kifaransa kwamba niandike nilichokiona na nisirudi pale, kwa sababu nikirudi si utafiti tena. Nilipofika mlangoni akaniita, na kwa mara ya kwanza akaongea nami Kiswahili.

"Kama utaenda, usiniambie."

Niliogopa, wakuu. Sikuogopa uchawi. Niliogopa kwamba nikisema ndiyo mimi ni Kalaba, sitaweza tena kusema si mimi. Nilikuwa na mchumba, nilikuwa na mipango. Usiku silali, nikisinzia naona mtoto anatambaa kuelekea jiko la nje. Mwishowe huyo mtoto ndiye aliyenishinda.

Tukaenda Jumapili baada ya misa. Mama, wazee wawili wa upande wake, na mimi. Mama Bwalya alikaa kwenye mkeka uani. Mkwe wake alisimama mbali, amemkumbatia mtoto kama mtu anayelinda mali kwenye gari moshi.

Wazee walikuwa wamenifundisha maneno. Nimpake unga mweupe mikononi, niseme, "Bwalya, minakuachilia." Yeye aseme asante. Basi, imekwisha.

Akafungua kile kitenge. Mikono haikuwa na kidonda chochote, ilikuwa mikono mizuri tu, iliyokaa bila kubeba. Nikapaka unga. Nikasema maneno.

Hakusema asante. Aliniangalia machoni akauliza:

"Ulibakiaka wapi?"

Hilo sikufundishwa. Nikawaangalia wazee, nao wakaangalia chini. Nikafungua mdomo niseme sijui.

Kilichotoka ni hiki: "Ku mutoni. Kivuko kilikatika. Haikukawia. Niliita jina yako."

Sauti ilikuwa yangu. Lakini wakati nasema nilisikia maji yamejaa kwenye viatu vyangu, ya baridi, yanapanda mpaka kwenye vifundo. Nikatazama. Viatu vilikuwa vikavu, vina vumbi la barabara.

Mama Bwalya akalia. Si kilio cha machozi tu, alipiga yowe, na mama yangu akalipokea, na Mama Chola, na wanawake wa nyumba za jirani wakatoka kwao wakilia bila kujua wanamlilia nani. Wanaume wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. 

Walipotulia, Mama Chola akaenda kwa mumewe akanyoosha mikono. Yule bwana alisita. Alisita sana. Kisha akamwachia mtoto.

Mama Chola akamweka mikononi mwa bibi yake. Mtoto akashika unga, akajipaka usoni, akatafuta ziwa la bibi. Watu wakaangua kicheko na machozi yao. Mimi nilijificha nyuma ya jiko nikalia kama mjinga.

Njiani kurudi, tulipokaribia Katuba, mama akaniuliza.

"Nani alikuambiaka mambo ya mutoni?"

"Si wewe uliwaambia wazee?"

"Hapana. Shiye hatukujuaka."



Najua wataalamu wa humu mtasema ni akili tu, huruma ilinitungia jibu. Mtu akipotea barabara ya kaskazini, mito iko mingi, kubahatisha si kazi. Hata mimi nimejiambia hivyo, mwenyewe nimesomea jamii. Ila nielezeni yale maji kwenye viatu.

Bado sijamaliza. Wiki chache baadaye nilirudi kambini kusalimia tu, roho ilikuwa inanituma. Kwenye karatasi za chuo nyumba ile sikuiweka, nilichukua nyingine, na assistant hakuniuliza.

Nilimkuta Mama Bwalya mbele ya nyumba, kivulini, mtoto anatambaa miguuni pake. Mikono haina kitenge. Amenenepa kidogo, au labda ni uso uliofunguka. Nikatabasamu, nikamkaribia kama mtu wa nyumbani.

Akaniinulia macho ya upole, macho anayopewa mgeni yeyote.

"Bonjour, citoyen. Unatafuta nani?"

Nikadhani ananitania. Nikamwangalia vizuri. Hakuwa anatania. Kwenye macho yale hakukuwa na mtu anayenifahamu.

"Miye, mama. Kalaba."

Akafikiri kidogo.

"Jina muzuri," akasema. "Nilikuwaka na bwana wa hii jina. Alifwaka."

Akainama kumtoa mtoto udongo mdomoni.

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo, kwamba mumewe alikufa, binti yake alishaniambia. Nilipaswa kufurahi, ndicho tulichokiendea. Lakini wakuu, nawaambia ukweli, nilisimama pale kwenye jua nikasikia uchungu ambao haukuwa wa umri wangu. Nilimwona mwanamke ameshapona, ameshanisahau, na mimi nimebaki nje. Nikamuaga kwa adabu, nikaondoka. Sikurudi tena.

Nilimaliza chuo, nikaoa yule mchumba wangu, tumezeeka pamoja. Sijawahi kumwambia kwamba niliwahi kuachwa na mwanamke mwingine kabla yake. Sasa mtandao mzima unajua, akisoma nitajitetea.

Nilichojifunza ni kwamba jina si nguo ya mtumba, ukavaa tu kwa sababu imekuenea. Uliza mwenyewe aliishije, na alizikwa na nani. Na ninyi mnaosoma sosholojia siku hizi, mkibisha hodi na maswali yenu, mjue ndani kunaweza kuwa na mtu aliyekaa miaka anakusubiri na la kwake.

Karibuni kwa maoni. Wenye majina ya marehemu humu, kuna yeyote aliyewahi kudaiwa na jina lake? Na wanaotaka kucheka wacheke, nimezoea tangu kwa baba mdogo.

Nauliza kwa sababu binti yangu amejifungua mwezi huu mtoto wa kiume, na anataka kumpa jina hili. Mimi bado sijamjibu.