Chupa Mbili za Bia

Mjukuu wangu ana jagi la kupimia keki, lina mistari ya lita. Mimi nikiliona, namkumbuka mama.

Kwetu kijijini Kiriba tulikuwaga na kibuyu tu cha kupimia. Mdogo wangu wa kunyonya aliharisha mpaka macho yakazama. Nesi akamwambia mama achanganye sukari na chumvi kwenye maji lita moja.

"Lita ndiyo nini, nesi?"

"Chupa mbili za bia."

Mama akakimbia kwa jirani mlevi kuomba chupa za bia. Jirani akacheka.

"Leo mke wa mzee wa kanisa anataka bia!"

"Nipe chupa tupu, shemeji, mtoto anakufa!"

Akazisugua kwa majivu, akapima, akachanganya. Mtoto hakumeza, mwili umeshapoa. Mama akamnywesha kijiko kingine, na kingine, maji yanamtiririkia mtoto shingoni.