Goti Nililopiga Golini

Enzi zetu pale Itaka, magoti ya msichana yalikuwa na kazi zake zinazojulikana. Kubwa kuliko zote ilikuwa kusalimia wakubwa. Popote ulipomkuta mkubwa, kwenye tope au vumbi, ulishuka chini ukatoa salamu yako taratibu mpaka aipokee. Kazi nyingine zilikuwa za shambani na jikoni. Kuyachubua magoti hayo kwa kudaka mpira hakukuwemo kabisa.

Nakumbuka hasa msimu wa kahawa, baridi ya Mbozi inang'ata masikio. Tukitoka shule tulikwenda moja kwa moja kuchuma, tukifyonza utamu wa kahawa mbivu na kutema mbegu ndooni, huku bibi akituuliza kama tumekuja kuchuma au kula. Tulifunika buni kwenye vichanja kabla umande haujashuka, tukameza viazi vya moto vilivyotuunguza ulimi, ndipo tukaachiwa kucheza. Wasichana wenzangu walikimbilia rede na kuruka kamba. Mimi nilivaa mikononi soksi nzito za baba na kwenda kusimama golini.

Nilipapenda pale kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa binti wa kwanza, na binti wa kwanza hamalizi jambo lake. Akikaa anatumwa maji, akisimama anapewa mtoto abebe. Golini hakuna aliyenituma. Miti miwili ya mkaratasi tuliyoisimika kuwa milingoti ilikuwa nyumba yangu, na nilikuwa radhi kuumia ili mtu asiingie bila hodi.

Golikipa wa shule alipougua, mwalimu wa michezo alinipanga mimi dhidi ya wavulana wa kijiji jirani. Ayubu, kapteni wetu, alinuna. Alisema watachekwa mpaka mjini Vwawa.

Basi mechi ikaanza, na mambo yakaenda vizuri. Nilidaka mbili, ya tatu nikaipangua kwa ngumi, hata Ayubu akaanza kuniita kwa jina. Lakini njia ya kutoka kanisani ilipita nyuma ya goli letu. Nikasikia kikohozi ninachokijua. Bibi, mama yake baba, alikuwa anarudi kwenye kikundi cha akina mama, kitenge begani, kitabu cha nyimbo kwapani. Sikufikiri hata kidogo. Niligeuka, nikaupa uwanja mgongo, nikapiga goti na kumwamkia bibi kwa Kinyiha, salamu nzima, bila kuikata. Bibi aliipokea yote. Tulipokuwa tunaulizana habari za nyumbani tulikotoka wote asubuhi ile, mpira ulipita juu ya kichwa changu ukatulia miguuni pake.

Tulifungwa hilo moja tu, nalo lilitosha. Wapinzani walicheka mpaka wakakaa chini. Ayubu hakupiga kelele. Alinisogelea akasema, "Rudi ukacheze rede." Nililia njia nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua bibi akija tena nitapiga goti tena. Nililelewa hivyo na sikuona aibu, lakini goli nalo nililitaka kwa moyo wangu wote. Mwalimu alinipa nafasi moja ya mwisho, mechi ya marudiano. Nikiharibu, basi.

Bibi alikuwa ameuona mpira ule kwa macho yake. Siku ya marudiano alikuja, na hakuwa anatoka kanisani. Alisimama nyuma ya goli langu makusudi. Nikasikia kikohozi, na magoti yakaanza kukunjika yenyewe.

"Simama, mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. "Ukiwa golini, mimi sipo. Utaniamkia nyumbani."

Nilisimama. Mpira ulikuja wa chini, mkali, nikauangukia kifuani na kuukumbatia. Ulikuja tena na tena, na hakuna ulioingia. Tulitoka sare bila kufungana. Ayubu hakuniomba radhi, ila Jumatatu aliniletea soksi za kaka yake, za mpira kweli kweli. Jioni ya mechi ile nilimpigia bibi goti mara mbili, naye akapokea mara mbili, akasema ya kwanza ni ile ya uwanjani.

Nilidaka miaka mingi baada ya hapo, mara nyingi nikiwa mwanamke peke yangu uwanjani. Leo nafundisha timu ya wasichana hapa Vwawa. Wana glovu, wana viatu vya njumu, wakienda kucheza Tunduma wanapiga selfi kabla hawajapasha misuli. Viazi vya moto wanasema vinanenepesha. Wananisalimia "Mambo, kocha," sikio moja likiwa na muziki. Hakuna anayewaambia warudi kwenye rede, na rede yenyewe hawaijui. Nawaonea fahari, na siku nyingine nawaonea wivu.

Mechi zikianza napenda kusimama nyuma ya goli letu. Yale maneno ya bibi nimeyatunza miaka yote hii, tayari kumpa binti yeyote atakayekunja goti. Nakohoa kidogo. Golikipa wangu hageuki, macho yake yako kwenye mpira, kama nilivyomfundisha. Nafurahi. Halafu nakohoa tena.