Nahodha na Zamu ya Mwisho

Nahodha wao wa mbio za vijiti alikuwa hajakimbia tangu waachane chuo cha ualimu, ila mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Alifika Kidahwe, mbio zilikoanzia, na filimbi shingoni, kitambi kimemtangulia, akaanza kukagua magoti ya wenzake watatu kama mnunuzi wa mbuzi. Kila neno lilitanguliwa na filimbi, na kila filimbi ikafuatwa na kikohozi. Khalfani, mmoja wa hao watatu, alimjua: zamu ya mwisho, ya kuingia Ujiji kwa makofi, angejipangia mwenyewe, kama zamani. Akajipangia.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Nizigiyimana, mkimbizi anayefundisha kambini. Kibali chake cha kutoka kiliishia saa nane mchana, na akichelewa hapewi kingine. Mbio zilikuwa zianze saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi akahutubia hadi saa sita, juu ya umuhimu wa kutunza muda.

“Nahodha, nirudi,” alisema Nizigiyimana, kibali mkononi.

“Hata mazoezini ulikuwa mtoro!” Nahodha alifoka. Kisha akavua filimbi, akamvisha yeye, akamsukuma awahi kambini.

Nahodha alikimbia zamu zote mbili, ya tatu na ya mwisho, kama kule kulikuwa kukimbia. Khalfani, aliyekwisha kumaliza zamu yake, alimsubiri Ujiji hadi utepe ukafunguliwa na viti vikabebwa. Nahodha aliingia magharibi, kiatu kimoja mkononi.

“Wa mwisho,” karani alisema. “Timu ya watu watatu.”

Nahodha hakuwa na pumzi ya kugomba, jambo lisilowahi kutokea. Alichukua kalamu ya karani, akaandika kwenye orodha majina manne, na la kwake, kwa mara ya kwanza, akaliweka chini kabisa.