Mafuta ya Papa Kwenye Milango ya Mkutano

Jumanne, katikati ya Rajabu. Kaskazi imetulia tangu alfajiri, jua kali, na hewa ya Kismayo leo ina chumvi hata ukilamba mdomo unaionja.

Ukumbi ninaoutunza umepokea mkutano wa watunza majengo. Walikuja wasimamizi wa hoteli, wa hospitali, wa shule na wa maghala ya bandarini, wengine wakitoka miji ya bara, kuzungumzia matatizo ya kazi yetu: kutu, umeme unaokatika, maji ya chumvi, mafundi wanaoanza kazi wasirudi. Nasema "kazi yetu" kwa wasiwasi kidogo, maana wao wana vyeti na mimi nina shada la funguo. Lakini mwaliko ulisema watunza majengo wote, na jengo nalitunza, kwa hiyo naona sikujipenyeza.

Kilichokuwa kinaninyima raha ni milango. Kwenye mkutano uliotangulia ililia kila mtu alipoingia au kutoka, mpaka msemaji akawa anasita katikati ya neno kuingoja inyamaze. Mwenye ukumbi, mfanyabiashara wa hapa mjini ambaye sote tunamwita Haji, aliniita kando.

"Mama, hawa wanaokuja sasa kazi yao ni kukagua milango ya watu. Ikilia tena, funguo nampa mwingine."

Hakusema kwa ukali, na haki yake nimpe: alishaniambia mara nyingi kabla ya hapo, nami nikawa namjibu kesho, inshallah.

Basi jana jioni mume wangu akaja kunisaidia. Ni fundi wa mashua, Mbajuni wa kisiwa cha Kudhaa ambaye mtu humwita mchu, na kila kilichotengenezwa kwa mbao na misumari kwake ni chombo cha baharini. Alikuja na kopo lake la sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia mashua.

"Si tununue mafuta ya dukani?" nikamwuliza.

"Ya dukani yanakauka mgeni hajavua viatu. Haya yanakaa. Kesho hakuna mchu atakayesikia mlango humu."

"Basi usipake mengi."

"Bibiye, mimi nakufundisha kushika funguo?"

Akapaka bawaba zote. Akapaka makomeo, akapaka vishikizo vya madirisha ambavyo havijawahi kulia, kisha mikono akaifutia nyuma ya mlango mkubwa. Tukafunga kila kitu vumbi lisiingie, tukaenda zetu nyumbani.

Asubuhi nimefungua, mlango ukaenda kimya kama pazia. Nilifurahi hata nikaufunga na kuufungua tena bila sababu. Nikavuta pumzi, hewa nikaiona ya kawaida. Hapa ndipo ninapojilaumu, ingawa sijui kama ni haki mtu kuilaumu pua yake. Harufu ile iko kwenye mashati ya mume wangu, iko kwenye mito, iko kwenye nywele za wanangu akiwabeba. Siisikii, kama mtu asivyosikia ladha ya mate yake.

Wageni wakaingia, wakakaa. Nikawasha viyoyozi, nikafunga madirisha baridi isitoke, nikasimama nyuma na sinia la chai. Msemaji wa kwanza alikuwa msimamizi wa hospitali, mama mmoja mrefu kutoka bara. Aliongea Kisomali safi, nami nilimfuata vizuri. Alisema jengo lililotunzwa sawasawa mgeni halioni kabisa. Anafanya shughuli yake anaondoka. Nikayapenda maneno yale. Nikaitazama milango yangu, nikajiona na mimi nimo.

Kisha yeye mwenyewe akaishika ncha ya shela yake akaziba pua, akaendelea kusema kwa sauti ya mwenye mafua.

Safu ya mbele wakaanza kutazamana. Mmoja wa hoteli akasema hicho ni kiyoyozi, maji yameozea ndani. Wa maghala akasema hapana, ni panya, tena panya mkubwa, amefia darini. Wakasahau hotuba. Mmoja akapanda juu ya kiti, mwingine akapiga magoti kunusa zulia, na hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa kazini. Yule mama akanigeukia, akaniita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, choo chenu kiko upande gani?"

Alipotaja choo tu, Haji akasimama. Alimtafuta kwa macho fundi wa mabomba, ambaye naye alialikwa na alikuwa amekaa kwa adabu ndani ya kanzu mpya. Huyu ndiye aliyezibua karo la vyoo vyetu wiki iliyopita. Mimi na yeye hatupatani sana. Huniambia nashika funguo kama mtu aliyeziokota. Lakini kazi yake naijua, haina kasoro.

"Ulizibua nini wewe?" Haji akamwuliza mbele ya watu.

"Nilizibua kila kitu, Haji."

"Basi kila kitu kimerudi."

Fundi akatoka bila kubisha. Akaifunga kanzu kiunoni, akainua kifuniko cha karo nyuma ya jengo, akainama, akanusa. Nilimfuata na ndoo ya maji ya kunawa. Akanyanyuka akanitazama.

"Shemeji, hapa shimoni kuna hewa nzuri kuliko kule ndani."

Nilirudi ndani nikijifanya nafuta mlango. Nikaweka pua yangu kabisa kwenye bawaba, nikavuta. Ndipo nikajua. Ilikuwa kama kumkuta mume wangu amesimama ukumbini.

Siwezi kusema nilisema papo hapo. Kwanza nilijiambia labda ni vyote viwili, bawaba na karo. Halafu nikajiambia nani ataniuliza, mtunza funguo. Nikasogeza vikombe ambavyo havikuhitaji kusogezwa. Wakati huo Haji alikuwa mlangoni akimwambia yule fundi atafute kazi kwingine, na ile kanzu yake mpya ilikuwa na doa la karo gotini. Doa lile ndilo lililonishinda.

"Haji," nikasema, "siyo karo. Ni mafuta ya papa. Tumepaka milango jana, mimi na mume wangu, isilie."

"Mafuta ya papa? Ukumbini kwangu?"

"Milango yote. Na madirisha."

Viyoyozi vikaendelea kutusambazia harufu. Fundi wa mabomba akadakia.

"Mumeo alidhani ukumbi utaelea?"

Kicheko kilichopasuka hapo nimekisikia masikioni siku nzima. Haji peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono kama anayetaka kupewa kitu, na mimi nikazishika funguo kiunoni nikidhani ndizo anazotaka. Kumbe alikuwa anaonyesha madirisha.

"Fungua hayo!"

Yule mama wa hospitali alikwisha kunja mikono ya gauni. Akaomba maji moto, sabuni na matambara. Hakutaka nimsaidie, alitaka nimsogezee ngazi. Wa hoteli akachukua mlango mkubwa, wa maghala akachukua madirisha huku bado akisema panya pia yupo, na anaweza kuwa na haki, sijapanda darini. Nadhani watu wa kazi hii hawawezi kukaa chini wakaangalia kitu kichafu. Aliyenielimisha ni yule mama, akisugua: mafuta ya mume wangu si mabaya, mahali pake ni nje penye upepo, si chumba kilichofungwa na kiyoyozi. Nilikubali. Ni kweli, na mimi ndiye niliyefunga chumba.

Hotuba zilizobaki zilifanyika barazani. Mchana tukarudi ndani, harufu imepungua kiasi cha kuvumilika. Mlango mkubwa uliposukumwa, ukalia. Ulilia kuliko siku zote, maana sasa ulikuwa umesuguliwa mpaka chuma. Mkutano mzima ukapiga makofi.

Haji akaja mpaka nilipo. Nikazishika tena funguo.

"Kesho asubuhi," akasema, "mafuta ya cherehani. Nalipa mimi. Na mumeo asiguse chochote hapa isipokuwa kikombe cha chai."

Akaniambia kesho, na funguo ninazo. Nilitoka nje kidogo nikajifanya namwaga maji.

Fundi wa mabomba hakunishukuru, wala sioni kwa nini anishukuru, kanzu yake imechafuka kwa ajili yangu. Haji alimwomba radhi kwa sauti ya chini. Mimi ningependa iwe kubwa kama ile ya kwanza. Wakati wa kuondoka fundi akapita karibu yangu.

"Mwambie mumeo lango langu linalia. La nje, shemeji. La nje."

Mume wangu alirudi wakati wa Magharibi, swali lake la kwanza likawa, "Ililia?"

"Mpaka ilipooshwa, haikulia."

"Si nilikwambia," akasema, akaridhika, akaenda kunawa. Nilimweleza yaliyobaki akiwa amekwisha kaa mkekani. Tulikula wali na ndizi na mchuzi wa changu, na sambusa za mkutano ambazo wageni walishindwa kuzila asubuhi. Kulikuwa na kipande cha papa mkavu pia. Alikila yeye na watoto.