Kimya cha Benjamini

Benjamini hakuwahi kuziba masikio. Pale mtaa wa Gerezani, kwenye yadi ya mafundi bodi alikonyoosha magari yaliyogongwa, mtu akionekana na pamba masikioni alitaniwa mpaka aitoe mwenyewe. "Unaogopa bati?" walimwuliza. Basi aligonga bati kutwa, na yadi ikishafungwa alikaa nyuma ya dramu akagonga tena. Mimi nilisimama pembeni yake na gitaa la besi. Naitwa Sofia, nauza mapazia Kariakoo, na kwa miaka mingi hakuna sikio lililokaa karibu na matoazi yake kuliko langu la kushoto.

Bendi yetu inaitwa Kutu. Tulipiga metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayebweka. Aliyebweka ni Urvish, mpiga gitaa wetu, ambaye mchana ukimkuta dukani kwao Msimbazi anapima vitambaa kwa adabu zote, huwezi kuamini ni yeye. Watu walituita wagonjwa. Waliosema hivyo hawajui raha ya kupiga kelele mpaka mbavu zitetemeke, halafu urudi nyumbani mwepesi, huna hasira na mtu.

Kisha mwenye yadi akaigeuza maegesho, nasi tukahamia stoo iliyo juu ya duka la kina Urvish, ukuta mmoja na jiko la mama yake, Mama Bhagwati. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akatupa sharti. Kila magharibi yeye huwasha taa mbele ya miungu yake na kutikisa kengele ndogo ya shaba. "Pigeni mnavyotaka, wanangu," alisema, "ila kengele yangu niisikie."

Sharti hilo moja liliigeuza bendi nzima. Urvish aliacha kubweka. Alileta kinanda cha umeme na kompyuta, akaivuta sauti ya gitaa mpaka ikatanda chumbani kama moshi wa ubani. Tulirudi Gerezani kurekodi nyundo, grenda na milango ya mabasi ya mwendokasi ikifungwa, naye akavipunguza mwendo mpaka nyundo ikawa inapumua. Besi yangu ilibaki noti moja moja. Nilinuna, nasema kweli. Nilimwambia Urvish anatutengenezea muziki wa kusubiria daktari wa meno. Lakini jioni moja nilisikiliza tulichorekodi, machozi yakanitoka, nikanyamaza.

Benjamini hakununa wala hakulia. Aliogopa. Mimi sikujua, niliona tu anakonda, na vijiti vinamteleza mikononi.

Wimbo wetu mkubwa ulianza na sauti ndefu ya kinanda iliyofifia pole pole mpaka ikafa kabisa. Kimya kikishaingia, ndipo Benjamini aguse dramu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake, kimya, na kila mara aliikosa. Mara aliingia sauti ikiwa bado hai, mara alikaa tu kama aliyesahaulika kituoni. Na Jumamosi tulikuwa na onyesho kwenye ukumbi mmoja eneo la Posta, taa zote zikiwa zimezimwa.

"Beni, mwanangu, unatuangusha," Urvish alimwambia. "Ukikosea tena, hiyo sehemu naiweka kwenye kompyuta. Yenyewe haikosei."

Hakusema kwa ubaya, lakini niliuona uso wa Benjamini. Alitoka Newala hana ndugu mjini, na yadi ilipofungwa alibaki fundi wa kuokota kazi za hapa na pale. Dramu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukiomba kwa mtu.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha mwendokasi. Kwenye kelele za kituo, ndipo aliponiambia.

"Sofi, nasikia mluzi. Upo ndani ya kichwa, hauzimi. Tulipokuwa tunapiga metali ulikuwa unajificha. Sasa hivi tukishusha sauti unabaki wenyewe, unanilia tu. Hicho kimya mnachokisema mimi sikipati." Alisema daktari alimpima, akamwambia sikio likishakufa halifufuki, na kwamba atazidi kupoteza. "Naogopa, dada. Usiku naogopa hata kulala. Urvish asijue."

Nilimwapia. Na kwa kuwa mdomo wangu hauwezi kukaa bila kuahidi, nikaongeza, "Nitakusikilizia mimi. Sauti ikifa nakukanyaga mguu, unaingia. Gizani nani ataona?"

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. Nilijiona mwema sana siku hiyo.

Mazoezi yaliyofuata nilivua viatu nikasimama ubavuni pake. Sauti ikafifia, nikategea, nikamkanyaga. Urvish akasimamisha kila kitu. "Umechelewa!" Tukarudia. Nikamkanyaga. "Umechelewa tena, Beni!" Benjamini aliniangalia bila kulalamika, na hilo liliniuma kuliko tusi.

"Tatizo ni friji la mama yako," nilimwambia Urvish kwa ukali. Jiko lao ni dogo, kwa hiyo friji limewekwa humo stoo. "Linapiga mluzi tangu tuhamie. Mtu atajuaje sauti imekwisha?"

"Friji jipya hilo. Mluzi gani?"

"Masikio yako ya dukani hayo. Lizime."

"Nizime, maziwa ya mama yaharibike? Atatufukuza sote."

Tukaanza upya. Jua lilikuwa linazama, na maduka ya chini yalikuwa yanashusha milango ya mabati. Sauti ndefu ikaja, ikatanda, ikaanza kufifia. Nikaunyanyua mguu wangu. Hapo umeme ukakatika.

Kompyuta ikazima. Feni ikajizungusha kichovu, ikasimama. Friji likatetemeka mara moja likatulia. Jenereta za mtaani zilikuwa bado hazijawashwa.

"Afadhali," Urvish alinong'ona gizani. "Hiki ndicho kimya ninachokitaka Jumamosi. Mnasikia kinavyokaa?"

Mimi nilikuwa nasikia mluzi.

Niliusikia uleule, mwembamba, haukupungua hata chembe. Nikalisogelea friji nikaliwekea sikio. Nikaangalia nyuma yake, nikaangalia dirishani kama kuna transfoma. Bado nilikuwa nautafuta mluzi huo kwenye ukuta, kwenye spika zilizokufa, popote pale isipokuwa kwangu.

Benjamini alinifuata taratibu. Mafundi bodi hawaliamini jicho. Bonde kwenye bati wanalitafuta kwa kiganja. Aliushika mkono wangu, akaufungua vidole, akaulaza juu ya mlango wa friji.

"Papasa," alisema chini kwa chini. "Limezimika?"

Bati lilikuwa baridi, limetulia tuli. "Limezimika."

"Na mluzi?"

Nilitaka kumwambia ni jenereta, ni gari, ni chochote. Alielewa, akaukaza mkono wangu kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa kwa ajili ya mtu mwingine.

"Umeanza lini?" aliniuliza.

Papo hapo mwanga wa taa ya mafuta ulionekana kwenye uwazi wa mlango wa jikoni. Mama Bhagwati alikuwa amesimama mbele ya miungu yake, mkono wake wa kulia ukitikisika juu chini, juu chini. Urvish aliweka kidole mdomoni.

"Shh," alisema. "Kengele ya mama. Mnaisikia?"

Nilitega sikio la kulia, nikatega la kushoto. Mkono wa Mama Bhagwati ulikuwa bado unatikisika. Nikamtazama Benjamini, naye akanitazama, kisha wote wawili tukaitikia kwa kichwa kama watu wanaosikia.