Daktari Alipoyaona Maji

Wakati ule Wajerumani walikuwa wakiwanyonga waliokunywa maji ya vita, nami ndipo nikaota uvimbe mgongoni, chini kabisa, pale panapoanzia aibu. Mke wangu aliuita mkia. Yule mwanamke, basi, tumwache. Kaka yake, yaani shemeji yangu, akanikokota hadi Ifakara kwa daktari wa Wajerumani hao.

Nikalazwa kifudifudi hemani, matako nje, shemeji kanishika miguu nisirushe teke. Daktari akafunga hema kukawa giza, akasogeza mshumaa ubavuni mwa uvimbe, nao ukang'aa kama papai bivu. Akasema maneno ya kwao. Askari mkalimani akanitafsiria: "Bwana anasema ameyaona maji."

Mganga aliyetunywesha maji ya vita alituahidi risasi zitageuka maji. Habari za mshumaa hakuzitaja!

"Nilionja tu, bwana!" nikalia. "Funda moja, kule kijijini Mbingu! Shemeji ndiye aliyemaliza kibuyu!"

Askari akaniinamia. "Maji ya kwenye uvimbe, mjinga wewe. Na huyo shemeji yako yuko wapi?"

Mikono iliyonishika miguu ilikuwa imeshaniachia.